Ochanomizu, mtaa wa magitaa unaotazamana na hospitali

Tokyo. Abiria anayeshuka treni katika kituo cha Ochanomizu, katikati ya Jiji la Tokyo nchini Japani, ana njia mbili. Akivuka daraja la Mto Kanda kwenda kaskazini, anakutana na majengo marefu ya hospitali mbili kubwa za vyuo vikuu, ikiwamo ya Juntendo, na watu wanaotoka wakiwa na mifuko ya dawa mkononi. Asipovuka, akageukia kusini, anaanza kuteremka barabara ya Meidai-dori, na ndani ya dakika moja macho yake hayaoni kitu kingine ila magitaa.

Yananing'inia madirishani. Yamesimama mlangoni kama askari wa zamu. Yamepanda ngazi hadi ghorofa ya pili na ya tatu, mengine yameshuka chini ya ardhi. Kuna duka la magitaa ya besi, kuna la magitaa ya mbao yasiyotumia umeme, kuna la vitu vilivyokwishatumika, na kwenye kila shingo kumefungwa karatasi yenye bei na maelezo.

Jina Ochanomizu lina maana ya maji ya chai. Inasimuliwa kwamba chemchemi ya hekalu moja la hapa ndiyo iliyotoa maji ya kuchemshia chai ya shogun, mtawala wa kijeshi wa zama za Edo. Siku hizi kinachofurika mtaani ni wanafunzi. Chuo Kikuu cha Meiji kiko hapa hapa mtelemkoni, na neno Meidai ni kifupi cha jina lake.

Ni jioni ya siku ya kazi, saa za shule zimekwisha. Katika duka moja la ghorofani amesimama mama aliyevaa viatu vyeupe vya uuguzi, koti limefunika sare. Kazini kwake ni ng'ambo ya mto, na leo ana zamu ya usiku. Pembeni yake yupo mwanawe wa miaka 15, bado na sare ya shule, anayetazama ukutani bila kupepesa. Ameweka akiba fedha za sikukuu za miaka mitatu. Anachotaka ni gitaa la umeme la nyuzi 8.

"Lile la nyumbani lina ubaya gani?" anauliza mama.

"Halifiki chini, mama."

Chini ni wapi?

Mzazi aliyekulia kwenye muziki wa dansi anajua gitaa la solo lina nyuzi 6 na la besi lina 4. Gitaa analolitaka kijana huyu liko katikati ya hayo mawili. La nyuzi 7 huongezewa uzi mmoja mnene upande wa sauti nzito. La nyuzi 8 huongezewa miwili.

Wazo hilo si la jana. Mpigaji wa jazi wa Marekani, George Van Eps, alitengenezewa gitaa la nyuzi 7 mwishoni mwa miaka ya 1930. Lakini la umeme, la kununuliwa dukani na mtu yeyote mwenye fedha, lilienea kuanzia 1990, pale Ibanez ilipotoa gitaa la Universe kwa kushirikiana na mpigaji Steve Vai. Ibanez ni nembo ya kampuni ya Hoshino Gakki ya Nagoya, iliyoanza 1908 kama kitengo cha ala za muziki cha duka la vitabu. Mwaka 1994 kundi la Korn la Marekani lilitoa albamu yake ya kwanza likitumia nyuzi 7, na vijana wakaanza kuyaulizia. Kisha likaja kundi la Meshuggah, kutoka mji wa Umeå kaskazini mwa Sweden, likawaonjesha watu nyuzi 8. Mwaka 2007 Ibanez ikaanza kuuza gitaa la nyuzi 8 kwa kila mtu.

Sasa hesabu, ambayo mzazi asiruke. Uzi mnene kabisa wa gitaa la kawaida hutetemeka kiasi cha mara 82 kwa sekunde. Wa saba hutetemeka mara 62. Wa nane hutetemeka mara 46. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41. Kwa maneno mengine, mtoto mwenye nyuzi 8 chumbani ana gitaa la solo na karibu besi nzima kwenye mkanda mmoja.

Sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa. Linasikia vizuri zaidi sauti za kati na za juu, zile za mitetemo 2,000 hadi 5,000 hivi kwa sekunde, ambamo ndimo kilio cha mtoto mchanga na sehemu kubwa ya matamshi ya maneno hupita. Kwa sauti nene sikio ni zito. Mtetemo wa 46 unahitaji nguvu nyingi zaidi ili usikike sawa na ule wa 2,000. Spika ndogo ya chumbani, na hedifoni nyingi za bei nafuu, haziwezi kuutoa mtetemo huo vizuri hata zikijitahidi.

Kijana hafahamu hayo. Anachofahamu ni kwamba kwenye wimbo aupendao uzi wa chini ulimpiga kifuani, na wake haumpigi. Basi anazungusha kitufe cha sauti. Kitufe hicho hakiongezi uzi wa nane peke yake. Kinaongeza kila kitu, pamoja na zile sauti kali za juu zinazoumiza sikio.

Na nyumbani kimya. Nyumba nyingi za Tokyo zimebanana, kuta ni nyembamba, jirani analala mapema. Mtoto anayepiga gitaa la umeme hupiga akiwa amevaa hedifoni. Mzazi akipita mlangoni anasikia kitu kama kucha zinakwaruza waya, basi. Anashukuru mtoto wake ana adabu. Ndani ya hedifoni huenda ni tamasha.

Nyenje

Mhudumu wa duka analitoa gitaa ukutani mwenyewe. Hapa mteja hachomoi kitu bila kuomba. Analitega nyuzi, anachagua kiti, anaunganisha waya kwenye amplifaya ndogo, kisha anampa kijana kwa mikono miwili. Anamwomba ageuze zipu ya koti isikwaruze mgongo wa gitaa.

Kijana anapiga uzi wa nane. Anatabasamu. Anapiga tena, kisha mkono unakwenda kwenye kitufe cha sauti bila yeye mwenyewe kujua, kama mkono wa mlaji unavyokwenda kwenye chumvi kabla ya kuonja.

Mama ameuona mkono huo.

"Nyumbani unaweka ngapi?"

"Kawaida tu."

"Na ukivua hedifoni, unasikia nini?"

Kijana anasita. Anasema masikio yanalia kidogo. Kama nyenje wa kiangazi. Si kila siku.

"Tangu lini?"

"Tangu likizo."

Likizo iliisha wiki nyingi zilizopita. Mama hasemi kitu kwa muda. Mhudumu, ambaye bila shaka ameshawahi kuona mazungumzo ya namna hii, anageuka kupanga mikanda ambayo tayari imepangika.

Ndani ya kila sikio kuna kiungo chenye umbo la konokono, na ndani yake seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha. Zikipewa muda wa kupumzika, baadhi hurudi katika hali yake. Zikifa, kwa binadamu haziti tena. Mlio usio na chanzo, uwe kama nyenje, filimbi au mvuke wa sufuria, ni dalili ya mapema ambayo vijana wengi huinyamazia kwa sababu asubuhi huwa umeondoka.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki anaposikiliza kwa kifaa chake, na mtoto asizidishe desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kwa wafanyakazi kwenye kelele, kiwango kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8. Zikiongezeka desibeli 3 tu, muda salama unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja. Kwenye desibeli 100 zimebaki dakika 15. Amplifaya inayotumiwa na bendi ya vijana kwenye chumba kidogo cha mazoezi, ikishindana na ngoma, inafika huko bila shida.

Mzazi mwenye simu ana pa kuanzia. Zipo programu za kupima desibeli, na ingawa si sahihi kama kipimo cha maabara, zinatosha kumwonyesha mtoto amesimama wapi. Kwa hedifoni njia rahisi ni hii: mtoto akiwa amezivaa, mzazi aseme neno kwa sauti ya kawaida akiwa umbali wa mkono mmoja. Asiposikia, sauti ipunguzwe. Na kama lengo ni kuusikia uzi mnene, hedifoni kubwa zinazofunika sikio lote, zenye uwezo wa kushuka hadi mitetemo 20, humfikisha kwenye raha yake kwa sauti ndogo zaidi. Hizo zinunuliwe kabla ya gitaa. Vizibo vya masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti bila kuifanya iwe ya kuzibaziba, mara nyingi huuzwa katika maduka haya haya, na bei yake haifikii hata ya seti mbili za nyuzi nzuri.

Kiganja na bega

Mhudumu sasa anamletea kijana gitaa la nyuzi 7, ajaribu. Yakiwekwa pamoja, tofauti inaonekana kwa macho. Shingo ya gitaa la kawaida, pale juu nyuzi zinapoanzia, ina upana wa milimita 43 hivi. La nyuzi 7 linafika 48. La nyuzi 8 linafika 55. Urefu wa uzi unaotetemeka nao huongezeka: gitaa nyingi za umeme zina milimita 648, ilhali za nyuzi 8 mara nyingi zina 686, maana uzi mnene usipopewa urefu unalegea na kutoa sauti ya tope.

Mkono wa kijana ulipozunguka shingo ya nyuzi 8, kifundo kilikunjika sana ili vidole vifike upande wa pili. Kwenye nyuzi 7 kifundo kimenyooka. Hilo mama aliliona upesi kuliko mhudumu, pengine kwa sababu ya kazi yake. Kifundo kinachokaa kimekunjwa kwa saa nyingi huleta maumivu na ganzi vidoleni, na mtoto anayependa anachofanya hupiga saa nyingi. Dawa yake ni ya kawaida: kupasha vidole kwanza, kupumzika kila baada ya nusu saa, na kusimama kupiga pale tu maumivu yanapoanza, badala ya kuyapigia.

Uzito nao. Gitaa la umeme huwa na kilo 3 hadi 4, na mbao za nyuzi nyingi si ndogo. Kuna mafundi walioliona tatizo hilo. Strandberg ya Sweden ilijijengea jina kwa magitaa yasiyo na kichwa, mepesi, baadhi yakiwa na kilo 2 na ushee tu, yaliyochongwa yakae vizuri pajani. Mengine yana vyuma vya shingoni vilivyopandwa kwa kutanuka kama upepeo, ili uzi mnene uwe mrefu na uzi mwembamba uwe mfupi. Mtu akiyaona mara ya kwanza hudhani yamepinda kwa kuungua jua. Kwenye mkono yana mantiki.

Mkanda mpana, wa sentimita 7 au zaidi, hugawa uzito begani. Ule mwembamba wenye mafuvu ya vichwa, ambao kijana ameshaushika mara mbili, hauna msaada huo.

Fedha inalipia nini

Gitaa la nyuzi 7 la kuanzia hupatikana kwa chini ya dola 500 za Marekani. La daraja la juu lililotengenezwa Japani hupita dola 1,500 kwa urahisi, na la kuagiza kwa fundi hupita 3,000. Mzazi ana haki ya kuuliza tofauti iko wapi, kwa sababu kwa mbali yote ni meusi na yote yanang'aa.

Iko shingoni. Nyuzi 7 au 8 zikikazwa huivuta shingo kwa nguvu, na shingo ikikubali kuvutwa, gitaa halikai sawa. Magitaa ya juu huwa na shingo ya vipande vitano vya mbao vilivyogandishwa pamoja, mara nyingi mepo na wenge. Wenge ni mti wa misitu ya Afrika ya Kati, ule ule ambao jina lake wapenzi wa muziki wa Kongo wanalijua kupitia Wenge Musica. Umekatwa sana hadi umewekwa kwenye orodha ya miti iliyo hatarini. Si kila mnunuzi wa Tokyo anajua kwamba ameshika kipande cha bonde la Kongo.

Iko kwenye vyuma vya shingoni: kwenye gitaa zuri ncha zake zimesuguliwa kwa mkono, kidole kinapita kama kwenye sabuni. Kwenye gitaa baya zinakwaruza. Mzazi asiyejua muziki hata kidogo anaweza kupima hili, apitishe kiganja pembeni mwa shingo kutoka juu hadi chini. Iko pia kwenye pikapu, ambazo hapa si magari, ni sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi. Zilizo duni humeza uzi wa nane na kuutema kama muungurumo wa jokofu, na hapo kijana anarudi kwenye kitufe cha sauti.

Kwa hiyo kuna hoja ya kweli ya kutoa fedha zaidi. Gitaa linalotoa uzi mnene safi kwa sauti ndogo ni rafiki wa sikio. Lakini gitaa la dola 2,000 kwenye hedifoni za dola 10 ni hasara mbili kwa mpigo.

Maduka ya vitu vilivyotumika ndiyo faida kubwa ya mtaa huu. Muuzaji huorodhesha kila mkwaruzo kwenye karatasi, hata ule ambao mnunuzi asingeuona. Mtu wa kwanza ameshabeba hasara ya upya. Gitaa la nyuzi 8, hata hivyo, lina wanunuzi wachache, kwa hiyo linashuka bei zaidi na ni gumu kuliuza mtoto akibadili mawazo. Na watoto hubadili mawazo.

Baada ya kununua, kazi ipo. Tokyo ina msimu wa mvua kati ya Juni na Julai, hewa inalowa, kisha majira ya baridi hukauka hadi midomo kupasuka. Mbao hufuata hewa. Ndani ya shingo kuna ufito wa chuma unaokazwa au kulegezwa kwa ufunguo mdogo ili shingo irudi kwenye mstari, na mara ya kwanza ni vizuri kumpelekea fundi. Kifuniko kigumu, unyevu wa kati ya asilimia 45 na 55, gitaa lisiegemezwe ukuta wenye jua. Mzazi wa Tanga au Mombasa, anayeijua hewa ya pwani ilivyo na milango ya makabati, hahitaji kuelezwa zaidi.

Anayetaka kutembelea mtaa huu ajue maduka mengi hayafunguliwi hadi saa 5 asubuhi. Kutoka Kituo cha Tokyo ni treni ya Chuo yenye rangi ya chungwa, kituo cha pili. Siku za katikati ya wiki mhudumu ana muda. Jumamosi ni vurugu, kila kona mtu anajaribu kumzidi mwenzake kwa kasi ya vidole, na hapo hapafai kwa anayetaka kusikia anachonunua. Chini kabisa ya mteremko kuna Jimbocho, mtaa wa vitabu vya zamani, wenye migahawa ya wali na mchuzi wa bizari. Mzazi aliyechoka kusikia magitaa anaweza kungojea huko.

Mama na mwanawe hawakufika Jimbocho. Walikaa dukani karibu saa nzima. Mwishoni kijana alirudi mwenyewe kwenye gitaa la nyuzi 7 lililotumika, lenye mkwaruzo nyuma ulioandikwa kwenye karatasi kwa uaminifu, akalipiga kwa muda mrefu na sauti ikiwa ndogo. Mama alisimama amefumba macho.

Hawakulipa. Mama aliomba wawekewe kwa wiki moja. Mhudumu akaandika, akafunga kijikaratasi shingoni, akalitoa dirishani. Kijana hakubisha, ila uso wake ulisema yote.

"Wiki moja ya nini?" aliuliza walipokuwa wanapandisha mteremko kurudi kituoni.

"Ya kupima masikio. Nitakuombea nafasi."

"Wakisema mabaya?"

"Tutajua la kufanya."

"Nitalikosa gitaa?"

Mama hakujibu hilo. Walifika darajani, pale yeye anapovuka kwenda kazini na kijana anaposhuka kwenye treni ya kwenda nyumbani. Taa za wodi zilikuwa zimeanza kuwaka ng'ambo.

"Kinauma, hicho kipimo?"

"Hakiumi. Unakaa kwenye chumba kimya, unavaa hedifoni. Ukisikia mlio, unabonyeza kitufe."

"Mlio mkubwa?"

"Mdogo sana. Mwingine utadhani umeukisia."

Treni ilikuwa inaingia chini ya daraja, na wote wawili wakanyamaza, kila mmoja ameshika reli, mpaka ikamaliza kupita.